Usisugue diski ya mteja kabla hujakopi: kosa langu lililofuta dakika nne za hotuba ya marehemu

Leo sina somo la kuongeza wafuasi wala la kupiga picha bidhaa kwa simu. Leo nataka kubishana na nyie kidogo, hasa nyie mnaotangaza kwenye status "tunahamisha DVD za harusi kwenda kwenye flashi". Nami ni mmoja wenu. Nina kaduka kadogo karibu na stendi, nauza kava, chaja, memori kadi na flashi, na kazi ya kuhamisha DVD naifanya tangu 2019. Sijasomea kompyuta. Nimeishia kidato cha nne, mengine nimejifunza YouTube na kwa kuharibu vitu.

Na hapo kwenye kuharibu ndo nataka tuongee.

Msimamo wangu ni huu: diski ya mteja ikiwa na mikwaruzo, kazi ya kwanza ni KUKOPI kilichopo, hata kama kinarukaruka. Kusugua, kung'arisha, dawa ya meno na madrili yote ni kazi ya MWISHO, ukishachukua kila kitu kinachochukulika. Anayeanza na kusugua anacheza kamari na kitu kisicho chake.

Najua wengi mtasema "mbona mimi napaka dawa ya meno na inakubali?" Tulia, nitafika huko. Kwanza nieleze kilichonipata.

2021 alikuja mama mmoja dukani na DVD ya sendofu ya binti yake, ya mwaka 2012. Akaniambia, "Mwanangu, hii inakwama kwama, naomba uniwekee kwenye flashi, baba yao anaongea humu." Baba yao alishafariki. Nikaiweka kwenye deki ya dukani tukaangalia wote. Mwanzoni, watu wanaingia ukumbini, ilikwama. Mwishoni kwenye zawadi ikakwama tena. Ila hotuba ya baba ilicheza yote, dakika kumi na moja, haikukata hata mara moja. Yule mama alisimama kaunta akasikiliza mpaka mwisho. Alipoondoka alisema atarudi kesho.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angekopi ile hotuba palepale. Mimi nilitaka kumpa kazi safi, isiyokwama popote, ili aende kunisifia kwa mashoga zake. Nikapaka dawa ya meno, nikasugua kwa kuzungusha. Ikawa na ukungu. Nikaona nimalizie kwa kitambaa nilichofunga kwenye drili, kama nilivyoona kwenye video moja. Joto la ile drili likapinda plastiki. Nikairudisha kwenye deki, inazunguka tu na kuandika hakuna diski. Nikajaribu kwenye laptopu, kimya. Kwenye kompyuta ya jirani, kimya.

Kesho yake alirudi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, imekubali?" Nilimwambia ukweli, sikumdanganya kwamba nimeikuta imekufa. Nikamrudishia na hela aliyotanguliza. Hakugomba. Alichukua diski yake akaifunga kwenye kitenge akaondoka. Ningependa angegomba.

Ndo maana nikikuona unatangaza "tunaponya DVD zilizokwaruzika kwa dakika kumi" najisikia vibaya.

KWANZA, IJUE DISKI ILIVYO

Huwezi kuokoa kitu usichokijua. DVD ina unene wa milimita 1.2, nayo ni sahani mbili za plastiki zimegundishwa, kila moja milimita 0.6. Data iko katikati, kama nyama kwenye sambusa. Kwa hiyo mkwaruzo wa chini kwenye DVD mara nyingi umekwaruza plastiki tu, data bado ipo. Mwanga wa kusomea ndo unashindwa kupita vizuri.

CD ni tofauti. Data yake iko juu kabisa, chini ya lebo, imefunikwa na rangi nyembamba. Ukikwaruza upande wa maandishi wa CD, au ukibandua stika iliyogandishwa pale, unang'oa data yenyewe. Inue CD kwenye mwanga wa taa. Ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, pale hakuna cha kuokoa, hata usugue vipi.

Mikwaruzo nayo haifanani. Ule wa kutoka katikati kwenda pembeni, kama spoki ya baiskeli, una nafuu. Diski imetengenezwa na hesabu za kurekebisha makosa, kikikosekana kipande kidogo inakijazia. Ule unaozunguka kama duara ndo mbaya, kwa sababu unafuata njia ileile ambayo data imeandikwa, unakula eneo refu kwa mpigo. Sasa jiulize, ukisugua kwa kuzungusha unatengeneza mikwaruzo ya aina gani? Ndiyo hiyo hiyo mibaya.

Kuna na diski ambazo hazina mkwaruzo hata mmoja na bado hazikopiki. DVD zetu za harusi ni zile za kuchoma, data yake imeandikwa kwenye rangi maalumu inayobadilishwa na mwanga. Jua na joto vinaiua ile rangi taratibu. Diski iliyokaa miaka kumi juu ya kabati karibu na dirisha inaweza kuwa inang'aa kama kioo na ndani imechoka. Hiyo ukiisugua unapoteza muda wako tu.

JINSI NINAVYOFANYA SIKU HIZI

1. Kagua na piga picha. Diski ikifika, naipiga picha pande zote mbili mbele ya mteja, au naimtumia WhatsApp kama imekuja kwa basi. Hii inanilinda mimi na inamlinda yeye. Kesho hakuna "mbona hukuikuta hivi".

2. Osha, usisugue. Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kama cha miwani. Futa kutoka katikati kwenda pembeni, mstari ulionyooka. Kausha vizuri. Utashangaa, diski nyingi zinazoitwa zimekufa ni mafuta ya vidole na vumbi tu. Usiguse petroli, usiguse thina.

3. Kopi kwa programu inayovumilia. Ukikopi kawaida kwenye Windows, kompyuta ikifika sehemu mbovu inasimama na kukutupia ujumbe wa kosa. Hapo wengi ndo husema "imekufa". Haijafa, kompyuta imekata tamaa mapema.

Mimi natumia ddrescue. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Linux, na Linux unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Kwenye Ubuntu utaitafuta kwa jina gddrescue. Akili yake ni kwamba inachukua kwanza sehemu zote nzuri haraka, inaruka mbovu, halafu inarudi kwenye zile mbovu kuzikwangua kidogo kidogo. Na kila hatua inaandika kwenye faili la ramani, sehemu gani imepatikana na ipi bado. Umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Amri ni mbili tu:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

ikimaliza:

ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Ya kwanza inazoa kilicho rahisi. Ya pili inarudi kwenye vigumu mara tatu. Hiyo sr0 ni jina la draivu ya DVD, kwako inaweza kuwa tofauti kama una draivu mbili. Ya pili inaweza kula usiku mzima. Iache ile.

Asiyetaka Linux, kwenye Windows kuna IsoBuster. Baadhi ya vitu vyake ni vya kulipia, lakini inasaidia pia zile diski za kamera ambazo mpiga video alisahau kuzifunga mwishoni. Zile ukiweka kwenye deki inakuambia tupu, kumbe zina picha.

4. Badilisha draivu. Hii hamuiamini mpaka muione. Diski iliyogoma kwenye laptopu inaweza kusomeka kwenye draivu kuukuu ya kompyuta ya mezani. Kila draivu ina jicho lake. Mimi nina tatu, mbili nimezitoa kwenye kompyuta mbovu kwa mafundi kwa bei ya chipsi. Na kwa sababu ramani ipo, draivu ya pili inatafuta tu kile ambacho ya kwanza ilikosa.

5. Uliza "nani mwingine alipewa kopi?" Hili ndilo swali lenye hela kuliko yote. Mpiga video wa harusi mara nyingi alichoma kopi kadhaa zinazofanana: ya wazazi, ya bwana na bibi harusi, ya mwenyekiti wa kamati. Kama zimechomwa kutoka kwenye kazi ileile na ukubwa wake ni sawasawa, unaweza kuweka diski ya pili ukatumia faili lilelile na ramani ileile. Palipokwaruzika huku huenda ni pazima kule. Diski mbili mbovu zinakupa kopi moja nzima.

6. Ukishamaliza yote hayo, ndo usugue. Kama bado kuna sehemu muhimu imekosekana na mteja amekubali kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unatosha. Sasa hivi huna cha kupoteza, ulichokipata kiko kwenye kompyuta. Sugua kwa mkono, mstari wa katikati kwenda pembeni, bila drili. Osha, rudisha, endelea na ramani yako.

Kwa hiyo sikatai kusugua. Wewe unayesema dawa ya meno imekusaidia, nakuamini, mkwaruzo mwembamba wa juu unaweza kulainika. Ninachokataa ni mpangilio. Ikikubali umeokoa saa tano. Ikikataa umechukua kitu cha mtu ambacho duniani kipo kimoja. Hizo saa tano ni za nani, na hiyo hasara ni ya nani?

USIMWAMBIE MTEJA ASILIMIA

Kosa lingine: kumwambia mteja "nimeokoa asilimia 99" ukachukua hela. Asilimia 1 ya video ya saa mbili ni zaidi ya dakika nzima. Dakika hiyo ikiwa ni watu wanasubiri chakula, hakuna anayejali. Ikiwa ni ndoa yenyewe inafungwa, umempa harusi isiyo na harusi. Kaa uangalie sehemu zilizokatika, andika dakika ngapi na ni tukio gani, mtumie mteja kabla hajalipa salio. Na kama diski haifunguki vizuri baada ya kuokoa, ingia kwenye folda ya VIDEO_TS ufungue faili za VOB moja moja kwa VLC. Mara nyingi picha zipo, kilichoharibika ni faili dogo la IFO linaloongoza menyu. Mle ndani utaona na faili za BUP, hizo ni kopi za akiba za IFO. Waliobuni DVD wenyewe walijua kitu kimoja hakitoshi.

BEI

Mtaniambia, "jirani anatoza elfu tano na anatoa leoleo, mimi nikikaa na diski usiku mzima nitakula nini?" Ni swali la haki. Mimi nimegawa bei. Kukagua na kuosha ni elfu mbili, hairudi. Ikikopika kirahisi, elfu tano, anaondoka nayo leo. Ikihitaji kulazwa, elfu kumi na tano, siku tatu, na analipa salio akishaona orodha ya kilichokatika. Nisipopata kitu, anaishia kwenye ile elfu mbili. Mteja wa haraka anaenda kwa jirani, sawa. Lakini mwenye diski ya marehemu habishani bei. Anauliza kitu kimoja tu: "Hutaiharibu?" Ukiweza kumjibu hilo kwa ukweli, umepata mteja na ukoo wake wote.

Kwa mnaopokea kwa basi: waambie diski iwekwe kwenye kava ngumu, katikati ya makaratasi magumu mawili, siyo kwenye bahasha peke yake, na konda asiiweke juu ya dashibodi juani. Mkimaliza, msirushe vipande vya harusi za watu kwenye status zenu kutafuta wateja bila ruhusa. Mimi nakaa na kopi siku thelathini, namkumbusha mteja, halafu nafuta.

NA FILAMU JE?

Kila wiki naletewa filamu. "Hii haina mkwaruzo lakini haikopiki, nisaidie." DVD nyingi za filamu za dukani zimefungwa kwa makusudi, na baadhi ya kampuni ziliwahi kuweka sehemu mbovu za bandia ili kompyuta ikwame. Msimamo wangu: hiyo siyo kazi yangu. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mnaojua wasanii wetu mnajua walivyolizwa na kopi za mtaani. Video ya sendofu ya familia haina kufuli. Ikigoma kukopika ujue ni ugonjwa, tibu. Filamu ikigoma ujue ni mlango wa mtu, achana nao. Tofauti ni rahisi hivyo.

MWISHO

Yule mama nilimtafuta mwenyewe. 2023, nikiwa nimeshajifunza haya, nilimpigia nikamuuliza lile swali namba tano. Akasema shemeji yake yuko Dodoma, huenda alipewa. Diski ikaja kwa basi, nayo imekwaruzika vibaya. Ililala kwenye draivu zangu tatu siku mbili. Nikapata karibu yote, ikakosekana kama dakika sita. Mbili za watu kuingia ukumbini. Nne katikati ya hotuba ya baba.

Dakika nne hizo zilikuwepo kwenye diski yake mwenyewe. Zilicheza dukani kwangu, nilizisikia kwa masikio yangu. Kama ningekuwa nayo bado nzima, na zote mbili zilikuwa na ukubwa mmoja, ningeziunganisha zikawa kitu kimoja kisicho na pengo. Nilizifuta mimi, na dawa ya meno ya buku.

Sikuchukua hela. Tulipoangalia wote na ikafika pale inaporuka, alisema, "Hapo palipokatika ndo alipokuwa anamtaja mama yangu." Halafu akaniambia niendelee, akaangalia mpaka mwisho. Akanishukuru. Flashi yake nimemwekea mbili, na moja nikamwambia ampe binti yake akae nayo nyumba nyingine.

Hizi diski zinaisha. Laptopu mpya haziji na draivu, deki zinakufa, na rangi ya ndani inaendelea kuchoka kila mwaka hata tusipozigusa. Kwa miaka michache ijayo watu watatuletea walichonacho, na wengi wao hawana kopi nyingine. Kazi ipo, hela ipo. Ila anayeipokea akumbuke: kopi kwanza, halafu ndo uwe fundi.

Mwenye njia bora kuliko yangu aiseme, nipo tayari kukosolewa. Mwenye drili, naomba uiweke chini.